«Ni nani alileta SS mu nyumba?» Kisa ya famiye moja ya Bukavu

Mbele ya kuanza

Hii kisa ni ya kweli, ni juu ya SS, ugonjwa ya kurithi ya chembe nyekundu za damu (drepanositoze). Majina nimebadilisha, kartie nimeitoa, miaka nimeitoa, pamoja na kila kitu yenye ingefanya jirani aseme "ee, ni bale ba pale juu". Mama mwenyewe alikubali niandike na aliomba kitu moja tu, nisifiche venye batu balimutendea.

Mi niko APS (asistanti psikososyale) mu santre moja ya afya hapa Bukavu. Sitoake dawa, kazi yangu ni kukaa na mugonjwa na famiye yake kisha munganga amemaliza kusema. Naandikia benzangu ba APS, ba enfirmiye na ba RECO (bajumbe ba afya mu kartie), lakini pia mama ao baba mwenye amepokea karatasi ya labo leo na hajue ataanza kumuambia nani.

Famiye yenyewe

Mama Amani anauzaka sambaza mu soko ya Kadutu. Ni kazi ya kuamuka na giza, na wakati mwezi iko kubwa bavuvi habapate kitu, sambaza inakosekana na pesa nayo inakosekana. Bwana yake anachimba zahabu mu karière moja mbali kabisa, anarudi mara tatu ao ine ku mwaka. Mama na batoto banaishi mu parsele ya mamakwe, pamoja na mashemeji wawili na bibi zao, nyumba za mbao zimefungana, ukikohoa huku mwenye kuwa kule anasema pole.

Batoto balikuwa batatu. Wa kwanza binti, sasa ana miaka 13. Wa pili kijana, alikufa akiwa hajafika mwaka moja na nusu. Wa tatu njo Amani, alikuwa na miaka 9 wakati ya hii kisa.

Ule wa pili ni lazima niseme kidogo juu yake, juu bila yeye hautaelewa kitu. Alikufa mikono na miguu zimevimba, macho ya njano, damu imepunguka mpaka ulimi ikawa nyeupe. Balisema ni malaria. Lakini kisha mazishi famiye ilikaa, na ikasema malaria haivimbishake mutoto bidole, na batu bakakumbuka kama shangazi ya mutoto, dada ya bwana, mwenye hakupata muzao, alimubeba siku mbili mbele. Balienda mu chumba ya maombi, na kule bakaambiwa ndiyo, ni mutu wa karibu. Shangazi akafukuzwa mu parsele ya mama yake mwenyewe, akaenda kupanga mu komine ingine. Hakuna mutu alimusalimia tena mu ile famiye kwa miaka mingi.

Venye mambo ilienda

Amani alianza kuvimba bidole akiwa na miezi saba hivi. Hii ni kawaida ya ugonjwa ya SS, juu mu miezi sita ya kwanza mutoto anakingwa bado na damu ya aina ingine yenye alitoka nayo mu tumbo, njo maana mama anaona mutoto muzima kabisa, na siku moja tu mambo inageuka. Tangu pale ikawa malaria, malaria, malaria. Homa, mifupa kuuma, macho ya njano, kutiwa damu, kurudi nyumbani na ordonansi ya malaria. Bukavu iko juu, karibu mita 1 500, asubuhi ya mvua ni baridi ya kuingia mu mifupa, na baridi njo moja ya bitu yenye inaamusha krizi, maumivu kali ya ghafula, kwa mutoto wa SS. Jirani balikuwa banamuita "mutoto wa kulia".

Kisha enfirmiye mupya akauliza swali yenye hakuna mutu alikuwa ameuliza: mulishaka kumupima SS? Bakafanya teste ya Emmel, ikatoka pozitifu. Lakini Emmel inaonyesha tu kama chembe nyekundu za damu zinaweza kupinda, haitofautishe mutoto mwenye kuwa AS (anabeba tu, hagonjwake) na mwenye kuwa SS. Kwa kujua vizuri inaomba elektroforezi, kipimo ya labo yenye inatenganisha AA, AS na SS. Na hapo kukawa shida ingine, Amani alikuwa ametiwa damu majuma machache mbele, damu ya mutu mwingine ilikuwa bado inatembea mu mwili yake, kumupima pale pale kungeweza kudanganya, ilipaswa kungoja karibu miezi mitatu.

Hakuna mutu alimueleza mama sababu ya kungoja. Yeye alisikia tu "damu ya mutoto iko na kitu, rudi kisha miezi mitatu". Mu kichwa yake akasema banaficha, ni SIDA. Miezi mitatu yote alilala na ile wazo, hakusema kwa mutu, akaanza kutenga sahani ya mutoto na kikombe yake, na usiku alikuwa anahesabu maisha yake yote kutafuta ni wapi aliipata. Watu wanazungumzaka juu ya siku ya matokeo kama njo siku ugonjwa inaingia mu nyumba. Kwa Mama Amani iliingia miezi mitatu mbele, kwa sura ya ugonjwa ingine.

Siku ya matokeo ilikuwa mu kuluari ya opitali moja kubwa. Mutu wa labo akamupa karatasi, munganga akapita, akaisoma amesimama. "Mama, mutoto yako ni SS. Ni ugonjwa ya kurithi, inatoka kwa bazazi. Asikose maji, asikose asidi folike, mutamurudisha kila mwezi." Akaenda, juu kulikuwa bagonjwa bengi sana na yeye alikuwa peke yake. Amani alikuwa amesimama pale pale, ameshika kikwembe ya mama yake, na ana miaka 9, anajua kifaransa ya masomo na kiswahili ya nyumbani, alisikia yote.

Nilimuuliza mama siku ingine, ulisikia nini mu roho? Akaniambia: "Kwanza nilifurahi. Haikuwa SIDA. Na ilikuwa na jina. Nilitembea mpaka Nyawera niko na furaha. Kisha nikakumbuka neno ingine yenye alisema, bazazi." Karatasi akaikunja mara ine, akaifunga mu pembe ya kikwembe pale anafungaka pesa ya sambaza.

Ku nyumba mamakwe akauliza. Akajibu venye alisikia: ni ya kurithi, inatoka kwa bazazi. Na mamakwe akasema sentensi yenye nimesikia mu nyumba nyingi tangu nianze hii kazi: "Kwetu haiko. Nimezaa batoto saba, hakuna mwenye damu mbaya." Ile ile jioni akamupigia mutoto yake simu kule mu karière. Baba Amani akapokea habari ya ugonjwa ya mutoto yake kwa mudomo ya mama yake, mu simu yenye inakatika, na habari yenyewe haikuwa "mutoto ni mugonjwa", ilikuwa "balikuoza bibi mwenye ugonjwa na balituficha".

Pesa yenye alikuwaka anatuma kila mwisho wa mwezi ikakatika. Mashemeji bakaanza kuongea juu ya doti, kama inaweza kurudishwa ao la. Bibi za mashemeji, benye balikuwa banasaidiana naye kuchota maji, bakaanza kukataza batoto babo kulala na Amani, hata kama ugonjwa haiambukize.

Na Amani? Amani alisikia ku masomo kama "ba SS habafikake miaka 18". Hakuuliza mutu. Wakati masomo ilikaribia kufunguliwa mama akataka kumupima suruali ya inifome, ya mwaka jana ilikuwa imekuwa fupi, yeye akakataa kusimama. "Usinunue mama, itabakia bule."

Ni hii neno njo ilimuleta mama kwetu. Kutukanwa alivumilia, njaa alivumilia.

Maamuzi yenye tulikamata, na sababu yake

Ya kwanza: kumusikiliza mama peke yake, na kumuuliza ameelewa nini mbele ya kumueleza. Akajibu "damu yangu ni mbaya, nimemupa mutoto". Nusu ya ile jibu ilikuwa kweli kwa namna fulani, na nusu yenye ilikosekana njo ilikuwa inamuua. Kwa mutoto kuwa SS ni lazima apate S moja kwa mama na S moja kwa baba. S ya mama peke yake haitoshe, ingempa AS tu, na angekuwa anacheza mupira.

Ya pili: kutomueleza baba kwa simu. Mama alitaka tumupigie palepale, na ninamuelewa. Lakini habari ya kwanza ilishapita mu simu na ilifika imevunjika, ya pili ingefika kama bishano. Tukachagua kungoja arudi. Ilikuwa uamuzi ya bei kali, nitarudilia.

Ya tatu ilikuwa nguvu kuliko zote, na naomba benzangu basiipite haraka. Kumuomba baba apime damu inaonekana kama jambo rahisi, akipatikana AS basi mabishano imekwisha. Lakini kama anapatikana AA, ni kusema bila S hata moja? Pale karatasi itasema jambo ingine kabisa juu ya nani ni baba ya mutoto, na mu parsele kama ile mama anaweza kulala inje ile usiku, ao zaidi. Njo maana tulizungumza na mama peke yake, mulango imefungwa, tukamueleza wazi kabisa kile karatasi ya baba inaweza kuonyesha, na kama anaona hatari kwake tunaacha, tutaeleza kwa njia ingine. Akacheka kidogo, akasema "mupime". Lakini swali ilipaswa kuulizwa, na kuulizwa mbele.

Baba aliporudi alikubali kupima. Nafikiri alikubali juu alikuwa na hakika ya kutoka muzuri. Akatoka AS. Mama pia AS.

Tukabaita batatu, baba, mama na mamakwe, mu chumba yenye mulango inafungwa. Mamakwe hakuwa ameandikwa mu fishi popote, lakini yeye njo alikuwa ameshika ile habari tangu mwanzo, kumuacha inje ilikuwa kujidanganya. Kwa heshima yake nikaanza kumuuliza yeye kwanza ameona nini kwa mutoto, na aliongea murefu, alikuwa amemubeba usiku mingi kuliko mutu yoyote.

Kisha nikatoa maharagi. Bikombe mbili, mu kila moja haragi moja nyekundu na moja nyeupe. Kikombe hii ni Baba Amani, hii ni Mama Amani, bote bawili bazima, bote banabeba nyekundu moja bila kujua. Nikaambia mamakwe: mama, funga macho, kamata moja huku na moja huku. Akakamata: nyeupe na nyekundu. Tukarudisha, akakamata tena: nyeupe mbili. Mara ya tatu zikatoka nyekundu mbili, na alipofungua macho akaziangalia mu kiganja murefu sana. "Lakini nilifunga macho", akasema. Nikamujibu njo vile, mama, hata bao habakuchagua. Na kila mimba ni kukamata mupya: mara moja kwa ine kutoka SS, mara mbili kwa ine AS, mara moja kwa ine AA. Batoto saba bazima mu tumbo moja haionyeshe kama S haiko mu famiye, inaweza kupita kimya mu bizazi bingi mpaka siku inakutana na nduguye.

Baba akauliza: sasa kwa nini Mungu aliiacha itembee? Juu ya Mungu sikujibu, nilimujibu juu ya malaria. Mu 1954 munganga moja anaitwa Anthony Allison, mwenye alikomalia Kenya, alionyesha kama batoto ba AS malaria kali haibashinde haraka kama bengine. Mu inchi yenye malaria inaua batoto tangu zamani, mwenye kubeba S moja alipona na akazaa. Njo maana iko kwetu nyingi. Niliona Baba Amani ananyoosha mugongo kidogo, ile kitu yenye ilikuwa haya ya ukoo ikawa pia sababu moja yenye babu zake balibakia bazima.

Halafu mamakwe akauliza polepole: "Na ule wa mbele yake, mwenye alikufa?"

Tulikuwa tumesikilizana na mama kama jina ya shangazi haitatoka kwetu. Nikasema ukweli yenye ninayo: hakupimwa, hakuna mutu anaweza kuhakikisha, lakini bidole kuvimba, macho ya njano, damu kupunguka, ni dalili zile zile. Hakuna mwenye aliongea. Baba Amani akatoka inje, akabakia huko mpaka tukamaliza.

Ya mwisho ilikuwa Amani. Tulikaa naye na mama yake, bila bengine. Nikamuuliza anajua nini, akaniangalia: "Tantini, mi niko nakufa mwaka gani?" Mutoto akiuliza vile usimukimbize na "usiseme hivyo". Nilimuambia sijue mwaka ya mutu yoyote, hata yangu, lakini hii 18 yenye alisikia haiko kipimo ya mutu, na bakubwa ba SS benye banafanya kazi na benye ni bazazi nimebaona kwa macho yangu. Nikamueleza ni kwa nini inauma: chembe zinapinda, zinakuwa ngumu, zinafunga njia. Maji inasaidia, baridi inaharibu. Akauliza kama kucheza mupira ni mwiko. Sio mwiko, lakini unapumzika mbele ya kuchoka, na unakunywa. Akataka kujua chupa ya namna gani.

Matokeo

Inifome ilinunuliwa. Pesa ya baba ilirudi, haiko kama zamani lakini ilirudi, na neno doti haikusikilika tena. Mutoto alianzishwa hidroksiyurea, dawa ya kupunguza krizi, pamoja na asidi folike. Hii dawa iliisha kujaribiwa kwa batoto ba kwetu, uchunguzi ya REACH ilifanyika Angola, Uganda, Kenya na hapa Kongo, ku Kinshasa na timu ya Dokta Léon Tshilolo, matokeo ikatoka mu 2019: krizi zilipunguka, malaria ilipunguka, kutiwa damu ilipunguka, vifo pia. Kwa Amani krizi zimekuwa chache. Lakini wakati barabara zinafungwa juu ya vita dawa inakosekana mu farmasi, na mama anaanza kuhesabu bidonge.

Mara moja Amani aliacha dawa kabisa, kukiwa hata na akiba. Ku chumba ya maombi balisema amepona, mamakwe akaamini, na kisha majuma machache mutoto akalazwa. Mamakwe hakusema neno, lakini tangu ile siku yeye njo anachemusha maji ya ile chupa na kuitia mu sak ya masomo.

Na shangazi. Baba Amani alienda kwake peke yake, na karatasi mbili, ya kwake na ya mutoto. Shangazi alizisoma zote. Akamuambia ndugu yake: "Aksanti ya karatasi. Lakini karatasi haikunifukuza, ni nyinyi mulinifukuza." Parsele hakurudi. Siku Amani alilazwa alikuja usiku, akakaa ku kitanda mpaka asubuhi, akaondoka mbele mamakwe afike.

Uchambuzi

Kile kilisaidia zaidi ya yote ilikuwa karatasi mbili kwa meza moja, ya baba na ya mama, zote AS. Hapo neno "bazazi" ilipata maana yake ya kweli, bawili. Maelezo ya mudomo peke yake mama alishajaribu, haikuaminika, juu ilitoka kwa mwenye kushitakiwa.

Mu 2000 Walter Baile, Robert Buckman na benzao baliandika hatua sita za kupasha habari mbaya, munganga bengi banazifundishwa kwa jina ya SPIKES: tafuta mahali pa siri, uliza mugonjwa anajua nini, uliza anataka kujua nini, sema, pokea machozi, panga mbele. Ni hatua nzuri na mu ile kuluari hazikufuatwa hata moja, na sababu ni hesabu ya munganga na bagonjwa. Lakini hata zingefuatwa zote, kwetu kungebakia swali moja: huyu mama akifika nyumbani atasema nini, kwa nani, na kwa sentensi gani? Mugonjwa wetu anatoka mu opitali akiwa mujumbe. Munganga aliongea dakika mbili, mama akabeba ile neno moja akaipeleka mbele ya tribinali. Kama angepewa sentensi moja ya kubeba, "inatoka kwa baba na mama, bote bawili, na hakuna mwenye alijua", najua haingezuia yote, lakini mamakwe hangepiga ile simu venye aliipiga. Tumeanza kufanya vile kwa kila mama wa SS: mbele atoke anarudilia ile sentensi kwa mudomo yake mwenyewe, kwa luga ya kwao, mashi, kirega, kihavu, yenye anaitumiaka na mamakwe.

Miezi ya kungoja elektroforezi ni pengo yenye hakuna mutu anaihesabu kama sehemu ya matunzo. Kusema "tunangoja juu alitiwa damu, na haiko SIDA tunatafuta" ni dakika moja.

Kumungoja baba arudi ilizaa mukutano muzuri, lakini mama alilipa: miezi ya bila pesa, ya matusi, na santre haikuwa na kitu ya kumusaidia mu ile muda. Mungine mu timu yetu anaona ingefaa tutafute APS ao enfirmiye wa karibu na karière aongee na baba kule kule, macho kwa macho. Nafikiri ana haki, pale kuna mutu wa kufanya vile.

Chumba ya maombi hatukuihesabu mu mupango, na ilikuwa na sauti mu hii famiye tangu kifo ya mutoto wa pili. Kuongea na pasta mbele, kumuomba aombe na dawa ikiendelea, ingekuwa kazi ya siku moja.

Habari ya shangazi naiona kama jambo yenye haimalizike na karatasi. Famiye ilitafuta mwenye kosa kwa kifo ya kwanza, ikampata. Ilipopata jina ya ugonjwa ikaendelea kutafuta mwenye kosa, ikamuhamisha tu kutoka kwa dada mpaka kwa bibi. Maharagi ilisimamisha ile mwendo. Haikuleta msamaha, na haiko kazi ya labo kuleta msamaha.

Iko jambo moja yenye tungali nayo. Binti wa miaka 13 naye alipimwa, ni AS. Baba anataka ajue sasa, juu makanisa ingine inaomba elektroforezi mbele ya ndoa na hataki ajifunzie mu biro ya pasta. Mama anakataa. Ameona venye herufi mbili zilimufanyia mu ile parsele, anasema binti abakie mutoto kwanza miaka kidogo. Randevu yabo ni mwezi wenye kuja, na binti mwenyewe ameomba kuwa mu chumba.